Mpingo Uendao Ughaibuni na Kurudi: Klarineti na Mafundi wa Pwani ya Tanga

Katika nyika za Handeni, na katika misitu mikavu iliyo nyuma ya pwani, humea mti ambao mpita njia huupita bila ya kuutazama mara mbili. Shina lake aghalabu limepinda, au limegawanyika tangu chini. Gome lake ni la kijivu. Majani yake ni madogo mno kumpa mchungaji kivuli cha haja. Hukua kwa taratibu ya ajabu, hata mche uliopandwa na babu huenda ukamngojea kitukuu ndipo uwe gogo la kufaa. Mti huo ni mpingo. Ukipigwa shoka, chini ya ukingo mwembamba wa mbao nyeupe hutokea moyo mweusi wenye dalili za zambarau, mgumu wa kumezesha msumeno, mzito hata ukitiwa majini hauelei.

Watu wa nchi hii waliujua moyo huo tangu kale. Walichonga kwao michi ya kutwangia, mipini ya majembe, vitana na bakora. Wafanyabiashara wa pwani waliuweka katika hesabu moja na abunusi. Wamakonde wakaufanya lugha ya sanaa yao. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 sehemu iliyo bora ya mti huo, ile iliyonyooka, isiyo na jicho wala ufa, imekuwa ikipakiwa melini na kupelekwa Ulaya, ikachongwe humo klarineti, obo, na zumari za mifuko za Waskochi. Sehemu ndogo ya mti uliokwenda hivyo ilirudi Afrika ya Mashariki ikiwa imevikwa vifunguo vya madini meupe, ndani ya sanduku lililotandikwa kitambaa laini, mikononi mwa wapiga bendi wa serikali.

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo yatosha kueleza masikitiko, lakini haitoshi kueleza historia. Kwa maana pwani hii haikuwa na ugumu wa kupokea ala za wageni. Udi ulipokewa, fidla ikapokewa, gitaa likapokewa na kufundishwa Kiswahili, tarumbeta likaingia harusini likakaa. Klarineti peke yake, ambayo mwili wake ni mti wa nyumbani, ilibaki mgeni. Sababu ya jambo hilo haipatikani jukwaani, wala katika masikio ya wasikilizaji. Inapatikana kwenye meza ya fundi.

Ala yenye ulimi haikuwa kitu kipya katika Mrima. Zumari, ambayo jina lake lina asili moja na neno la Kiarabu la kupuliza, ilikuwako kabla ya bendi ya mzungu yeyote. Ilisikika harusini na katika ngoma za Waswahili na Wadigo, kutoka Lamu hata kusini. Ni kipande cha mti kilichotobolewa, kikapanuka kuelekea mwisho. Juu yake pana bomba dogo la madini, kisahani cha kuegemezea midomo, na ulimi uliokatwa katika jani la mti wa jamii ya mnazi. Mpigaji huujaza upepo katika mashavu, akavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kupuliza, hata sauti ikawa uzi mmoja usiokatika.

Tazama sasa matengenezo yake. Ulimi ukilegea, mpigaji mwenyewe hukata mwingine. Jani liko mtini. Ufa ukitokea, uzi na nta vyatosha. Zumari haina kifunguo, haina springi, haina ngozi ya kuziba tundu. Vidole vya mtu ndivyo vifuniko vyake, na vidole havihitaji kuagizwa ng'ambo. Mpigaji wa zumari na fundi wa zumari wanaweza kuwa mtu mmoja. Hii ndiyo siri ya kudumu kwake.

Klarineti ilizaliwa katika desturi nyingine. Hutajwa kuwa ni kazi ya Johann Christoph Denner, mtengenezaji wa ala wa mji wa Nuremberg, karibu na mwaka 1700. Hapo mwanzo ilikuwa na vifunguo viwili tu, na mwili wake ulichongwa katika mti wa manjano wa Ulaya uitwao Buxus. Kadiri watunzi walivyotaka sauti nyingi zaidi, vifunguo viliongezeka. Mwaka 1812 Iwan Müller alionyesha Paris klarineti yenye vifunguo 13, akatumia vifuniko vilivyojazwa vitu laini vikaziba matundu barabara kuliko vile bapa vya ngozi. Mwaka 1839 mwalimu Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet wakaonyesha mpangilio mwingine wa pete na vifunguo, ambao ndio utumikao sasa katika nchi nyingi. Wajerumani hawakuufuata, wao walishika njia iliyotoka kwa Müller, wakaiendeleza kwa namna yao.

Vifunguo vilipoongezeka, mti wa kale ulishindwa. Buxus hunywa maji ya pumzi, hupinda, na nguzo za vifunguo zilizopandwa juu yake husogea. Ulihitajika mti usiotikisika, wenye mafuta yake wenyewe, unaokubali kukatwa hesi za skrubu kama madini. Ndipo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, mafundi wa Ulaya walipougeukia mpingo wa Afrika. Kutawaliwa kwa pwani na kusifika kwa mti wake katika karakana za ala vilikuwa mambo ya zama moja.

Bendi za mtindo wa Ulaya zilifika upande huu kwa njia zaidi ya moja. Unguja, katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, jumba la Sultani lilikuwa na bendi yake, na Wagoa walikuwa ndio wapigaji mashuhuri wa bendi hiyo. Freretown, karibu na Mombasa, kijiji cha wamishenari kilichoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, nacho kilikuwa na vijana waliofunzwa ala za kupuliza. Mrima wa Tanga na Pangani ulikuwa bado chini ya bendera ya Unguja, na habari za jumba la Sultani hazikuchelewa kuvuka bahari.

Kisha wakaja Wajerumani. Vita vya 1888 na 1889, ambavyo Abushiri bin Salim aliviongoza kutoka Pangani na ambavyo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi, vilikwisha kwa Abushiri kunyongwa mjini humo Desemba 1889. Mwaka 1892 serikali ya Kijerumani ilifungua skuli Tanga, ya kwanza ya serikali katika koloni hilo. Hapo vijana wa pwani walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, kuhesabu, na kazi za mikono. Hapo ndipo gazeti la Kiongozi lilipopigwa chapa katika miaka iliyotangulia Vita Kuu vya kwanza. Na hapo pia wanafunzi walifundishwa kupiga bendi. Matbaa ya Tanga na bendi ya Tanga zilikuwa ndugu wa nyumba moja. Moja ilimzalia Mswahili msomaji wa gazeti, nyingine ikamzoeza sikio lake muziki wa hatua nne.

Inafaa kusimama hapa na kulinganisha ndugu hawa wawili, kwa kuwa hatima zao zilitofautiana. Kijana aliyejifunza kupanga herufi za risasi alifundishwa pia kuisafisha mashine, kuitia mafuta, kubadili kilichovunjika. Kazi ya chapa haiwezi kufundishwa bila ya matengenezo, maana mashine ikisimama gazeti halitoki. Bendi yaweza kufundishwa vinginevyo. Mwanafunzi hupewa ala iliyo tayari, huipiga, huirudisha kabatini. Ikiharibika hupelekwa kwa bwana, na bwana huagiza nyingine. Hivyo mtu aweza kupiga klarineti miaka kumi asijue kilichomo chini ya kifunguo kimoja.

Ndani ya Tanga na miji jirani, watu wenyewe walikwisha kuunda chao kutokana na sauti hizo za hatua nne. Beni, ngoma iliyoanzia upande wa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilishuka Mrima wote. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, kwa vyeo vya kubuni, kwa karamu, na kwa maneno ya nyimbo. Wapo walioiona beni kuwa ni uigaji mtupu wa gwaride. Mtazamo huo ni mfupi. Katika beni, mpagazi aliweza kuwa jenerali, na karani akawa mfalme. Na mashairi ya kejeli waliyorushiana yalikuwa na jadi yake katika majibizano ya kale ya pwani, hata kama mavazi yalitoka kambini.

Lakini beni ilichagua ala zake kwa busara ya mfuko. Ngoma kubwa ilipasuka ikawambwa upya na mwamba ngoma wa mtaani. Tarumbeta lilibonyea likanyooshwa na fundi bati. Kando ya Ziwa Nyasa, ambako ala za shaba hazikupatikana kirahisi, warithi wa beni walifanya jambo la ajabu zaidi: walikata vibuyu, wakavitia utando mwembamba wa kuwamba, wakaimba ndani yake hata vikatoa mlio wa bendi nzima. Yule aliyekosa tarumbeta alilibuni. Klarineti haikubuniwa na yeyote. Kibuyu chaweza kuiga mlio wa shaba. Hakiwezi kuiga vifunguo 17 na pete 6.

Ni kitu gani basi kinachoitaabisha klarineti katika pwani hii? Kwanza ni mti wenyewe. Mpingo unaokwenda Ulaya hukatwa vipande vidogo vya miraba, ncha zake huchovywa nta ili zisikauke kwa haraka zikapasuka, kisha huwekwa miaka hata unyevu wake ulingane na hewa ya huko. Fundi huutoboa, akauacha upumzike, akautoboa tena. Upana wa ndani hufika kiasi cha milimita 15, na tofauti ya unene wa unywele hubadili sauti. Ala hiyo iliyozoea hewa ya Normandie ikiletwa Tanga wakati wa masika, mti hukumbuka kwao. Hunywa unyevu na kuvimba. Viungio vinavyounganisha vipande vyake hubana hata visitoke. Kaskazi ikivuma na jua likikaza, hunywea tena, na viungio vikalegea. Naye mpigaji huongeza taabu nyingine: pumzi yake huulowesha mti kwa ndani wakati nje ungali mkavu. Ndani hupanuka, nje hukataa, na ufa hutokea, mara nyingi katika kipande cha juu, karibu na matundu madogo ambapo mti ni dhaifu.

Ndiyo maana watengenezaji wa Ulaya walipouza ala kwa majeshi ya nchi za joto, walizisifu klarineti za ebonaiti na za madini kuwa ndizo zistahimilizo. Mti uliotoka nchi ya joto ukahesabiwa kuwa hauifai nchi ya joto. Kosa halikuwa la mpingo. Mti ulikaushwa kwa hewa ya kwingine, ukalaumiwa kwa hewa ya kwao.

Adui wa pili ni chumvi ya bahari. Chini ya kila kifunguo pana springi ya chuma cha pua au chuma cha buluu, nyembamba kama sindano, inayokirudisha kifunguo mahali pake. Chuma cha buluu hakipatani na upepo wa bahari. Kutu huanza shinani, pale springi inapoingia katika nguzo, na siku moja, katikati ya wimbo, hukatika. Adui wa tatu ni wadudu na ukungu. Vifuniko vya klarineti hutengenezwa kwa duara la karatasi ngumu, sufi iliyoshindiliwa, na utando mwembamba wa ngozi unaotoka tumboni mwa mnyama. Nondo huipenda sufi, na mende huupenda utando. Sanduku likikaa kabatini msimu mmoja bila ya kufunguliwa, atakayelifungua hukuta ala nzima haishiki pumzi.

Matengenezo yake si uchawi. Fundi huanza kwa kuvua vifunguo vyote, akivipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu wa kuvuliwa kwake, na kila skrubu pamoja na kifunguo chake, kwa kuwa skrubu zinazofanana kwa macho hazifanani kwa urefu. Mti mtupu hufutwa, matundu yakasafishwa, na ndani ukapitishwa kitambaa chenye mafuta kidogo; mafuta ya lozi hufaa, nayo yasifike kwenye vifuniko. Ufa mdogo hujazwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi. Ufa mkubwa hushonwa: vijiti vyembamba vya chuma hupitishwa kuukatiza, au mti ukavishwa pete ya kuubana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wenye nyumba za mawe. Mwenye klarineti akichelewa hana hata ukuta wa kujenga, maana ufa ukifika tundu la sauti, kipande kizima huenda kikawa kuni.

Baada ya hapo huja vifuniko. Kikombe cha kifunguo hupashwa moto wa taa ya spiriti, tone la lakiri likayeyuka ndani yake, kifuniko kipya kikakaa juu ya lakiri iliyo laini na kunyooshwa hadi kikutane na ukingo wa tundu pande zote kwa wakati mmoja. Kipimo chake ni kipande cha karatasi ya sigara: huingizwa chini ya kifuniko kilichofungwa, kikavutwa taratibu. Kikishikwa kwa uzito ule ule kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kazi imekubali. Kikiteleza upande mmoja, pumzi itapenya hapo, na mpigaji ataulaumu ulimi au ataulaumu mdomo wake, wala asijue kuwa mwizi yu chini ya kidole.

Springi iliyokatika hubadilishwa. Na mafundi wa kale waliokosa springi za kununua walitumia sindano ya kushonea, wakaikata na kuiponda bapa mwisho mmoja ili ikae katika nguzo. Viungio huvishwa gamba jepesi lile lile linalozibia chupa. Nalo likikosekana, uzi wa pamba uliopakwa nta hutosha, kama ulivyotosha kwa klarineti za mwanzo. Hapa fundi wa pwani alihitaji busara isiyoandikwa katika vitabu vya Ulaya. Kiungio kilichobana wakati wa masika kisikwanguliwe kwa pupa, kwani kitalegea jua litakapokaza. Mwisho, kila kipande hujaribiwa kwa kuziba matundu na kunyonya pumzi. Kikishika kama chupa iliyozibwa, ala imepona.

Msomaji aliyetembea katika mitaa ya Tanga ataona kuwa katika kazi hizi zote hakuna hata moja ambayo mkono wa mji haukuijua. Sonara aliijua lakiri na taa ya moto na kuunganisha fedha. Fundi saa alizijua springi na skrubu ndogo kuliko za klarineti. Mshona viatu aliijua ngozi. Mshona kofia aliijua sindano, mwenye jahazi aliujua uzi wenye nta, na mchonga milango aliujua mti, msimu wake na hasira zake. Ujuzi wote ulikuwamo mjini, umegawanyika katika vibanda sita au saba. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuukusanya, na sababu ya kuukusanya.

Sababu haikuwako kwa kuwa ala haikuwa mali ya mtaa. Klarineti ilikuwa ya serikali, au ya jeshi, au ya misheni, na mali ya bwana hutengenezwa na bwana. Vita vilivyoanza 1914 viliukata hata mlango huo mwembamba. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yaliwashinda Waingereza, lakini Julai 1916 waliingia mjini, na pamoja na utawala ikabadilika njia ya vipuri. Ala za Kijerumani zilizosalia zilikuwa na mpangilio wa vifunguo ambao mabwana wapya hawakuuletea akiba. Ala ya shaba haiulizi imetengenezwa wapi, ikipulizwa hulia. Klarineti yenye kifunguo kimoja kisichofunga ni bubu.

Baada ya vita, ladha nayo ilihama. Beni ilipungua, dansi ikapanda. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanga ikawa mji wa magitaa: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi, Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, ambazo ziliuimbisha ushairi wa pwani juu ya gitaa la umeme, na sauti ya Shakila binti Saidi ikavuka mipaka. Husemwa kuwa gitaa lilishinda kwa sababu ya mtindo. Ni kweli kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba gitaa likikatika uzi hutiwa uzi wa breki ya baiskeli likaendelea, na seremala hodari aliweza kulichonga zima. Lilikubali mkono wa nyumbani. Shairi linaloimbwa usiku kucha haliwezi kutegemea ala inayosubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Hivyo basi, klarineti ikakimbilia mahali palipokuwa na ghala na bajeti: bendi za polisi na majeshi. Humo imedumu, ikipiga wimbo wa taifa na kuwapokea wageni. Nje ya humo, katika maarusi ya mji, kinachosikika juu ya gari la wazi ni matarumbeta na ngoma, yaani vile vile alivyoweza fundi bati na mwamba ngoma.

Habari ya mti imechukua njia yake. Mipingo iliyonyooka imekuwa adimu katika sehemu nyingi, kwa kukatwa, kwa moto wa nyika, na kwa kuchelewa kwake kukua. Mwaka 1996 Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuupanda upya. Chuwa aliotesha miche na kuwahimiza watoto wa skuli kuipanda hata alipofariki mwaka 2014. Huko Kilwa, vijiji viliwezeshwa kuimiliki misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu, na mwaka 2009 misitu hiyo ya jamii ikapata hati ya kimataifa ya uvunaji mwema. Tangu Januari 2017 biashara ya jamii nzima ya miti hiyo imo chini ya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Na mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa hati hizo.

Msamaha huo una haki yake kwa mpigaji anayesafiri na ala yake. Lakini una fumbo ndani yake kwa anayetazama kutoka Handeni. Gogo linahitaji hati, klarineti haihitaji. Kinachotofautisha vitu viwili hivyo ni kazi ya mkono tu, na kazi hiyo ndiyo thamani. Anayeuza gogo huuza uzito. Anayeuza ala huuza miaka ya kukausha, kutoboa, kupima, kusikiliza na kurekebisha. Pwani imeuza uzito kwa zaidi ya karne moja.

Haifuati kwamba Tanga lazima ijenge kiwanda cha klarineti. Viwanda huanza mwisho, havianzi mwanzo. Ulaya yenyewe haikuanza na viwanda; ilianza na mafundi wa miji kama Denner. Chuo cha Bagamoyo kilifunguliwa 1981 na kufunza sanaa. Unguja, chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilifunguliwa 2002, na udi, kanuni na fidla zikapata walimu. Vyuo hivi vimethibitisha kuwa upigaji waweza kurithishwa darasani. Urithishaji wa matengenezo ni hatua ya pili, nayo ni nyepesi kwa gharama: meza, taa ya spiriti, lakiri, sindano, karatasi ya sigara, na kijana mwenye subira anayeketi baina ya fundi saa na sonara.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Shairi lililorithiwa kwa kuimbwa tu, pasi na mtu anayejua mizani na vina vyake, huharibika kinywani. Neno huanguka, kipande hupungua, na hapana awezaye kulirudisha, kwa kuwa waimbaji wapo na mafundi hawapo. Mwenye kujua mizani husikia pengo, akajua ni mizani ngapi zimepotea na ni kina kipi kilichokuwapo. Huyo ndiye anayelifanya shairi liwe la watu wake. Ala nayo haiwi ya watu siku wanapoipiga. Huwa yao siku inapovunjika na ikapatikana nyumba, katika mtaa ule ule, ya kuipeleka.